Jiko Zima

Miezi minne ilikuwa imepita bila Lambert kumpiga mtu, na mkewe Gaudence alikuwa ameanza kuamini kwamba umri umemtuliza. Maskini Gaudence. Mumewe alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwili wa kubeba magunia, na hasira za karibu mno: mwenyewe hazioni zikija, anashtukia zimeshapita na kuna mtu yuko chini.

Asubuhi moja ya Aprili aliingia kwenye gereji aliyoifanya karakana, mtaa wa Troyeville, mashariki ya katikati ya Johannesburg, akakuta majiko matatu ya gesi, yale ya kupashia nyumba joto, yamechinjwa. Sina neno jingine, yalikuwa yamechinjwa. Milango ya bati imeng'olewa, mipira ya gesi imekatwa, na vile vigae vyeupe vyenye vitundu, ambavyo ndivyo huwa vyekundu na kutoa joto, vimepangwa sakafuni kwa ukubwa. Katikati ya machinjio hayo amepiga magoti Pandu, Mpemba wa miaka arobaini aliyeajiriwa siku sita tu nyuma, anaimba chini chini, ameridhika na kazi yake.

"Weye! Nani alikutuma kufanya hii?"

"Si wewe mwenyewe, Fundi? Umeandika hapa." Pandu akaelekeza bisibisi kwenye ubavu wa jiko. Kwa chaki, kwa herufi kubwa za mkono wa Lambert, paliandikwa ZIMA.

Lambert alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao mtoto ananyonya maziwa na Kiswahili kwa pamoja, na kwake jiko zima ni jiko lililopona: limetengenezwa, halina kasoro, linamsubiri mwenyewe aje alichukue. Pandu alikulia Wete, na alipoliona neno peke yake limeandikwa kwa chaki alilisoma kama amri. Zima taa, zima redio, zima moto. Jiko lililoandikwa zima aliliona limeshahukumiwa, la kufumuliwa ligeuzwe vipuri, na akalifumua kwa moyo mmoja. Lambert angesema hita, kama wasemavyo wenyeji, angelazimika kuandika NZIMA na kila mtu angekwenda nyumbani salama. Lakini alikuwa mbishi, akisema hita ni neno la wavivu.

Ungewaita walimu kumi wa Kiswahili, watano wangekaa upande wa Lambert na watano upande wa Pandu, na wote wangekuwa sahihi. Lambert hakuita walimu. Aliokota spana ya mabomba akampiga nayo Pandu begani, mara moja, kwa nguvu zake zote. Mfupa wa mtulinga ulivunjika kwa sauti ambayo Gaudence aliisikia akiwa jikoni anakosha vyombo.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo utamwona mtu huyu ni kichaa tu. Majiko yale ni makabati ya bati yenye magurudumu. Mtungi wa kilo tisa unakaa ndani kwa nyuma, na mbele kuna vigae vitatu vinavyowaka. Kiwanda kilichotengeneza aina aliyoishughulikia Lambert kilikuwa kimefungwa zamani, na vipuri vikakoma madukani. Baridi ya Juni haikukoma. Nyumba za Troyeville na Bertrams zina dari ndefu na kuta zinazotunza ubaridi, na wazee wanaoishi humo hawataki kusikia habari za jiko jipya. Wanataka lile lao la siku zote liwake.

Basi Lambert akawa mtu wa akiba. Kwa miaka kumi na mitatu alizunguka majalalani na kwenye maduka yanayofunga, aliwavizia watu wa mikokoteni wanaookota chuma, alifumua kila jiko lililokufa na kuchomoa kilichobaki na uhai. Alikuwa na mikebe arobaini na moja ya kahawa imepangwa kwenye rafu: nozeli, washa za mpira za kuzuia uvujaji, vibanio, swichi za kuwashia. Mkebe alioupenda kuliko yote ulikuwa wa vijiti vya shaba, vile vinavyokaa ndani ya moto na kuifunga gesi vyenyewe moto ukizimika. Kijiti kikifa, jiko haliwaki tena, na fundi mjinga akilazimisha liwake bila kijiti, ameua familia. Vilikuwa kumi na saba, na Lambert aliamini hakuna mwingine mjini aliyekuwa navyo.

Na kulikuwa na jambo la zamani. Baba yake alikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa kule Buyenzi. Wakati wa vita walikuja vijana na marungu, wakamtoa baba nje, wakampiga kwa nyundo yake mwenyewe mpaka akaacha kutikisika, kisha wakabeba vyombo vyake vyote. Lambert, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyasikia yote akiwa ndani ya pipa la maji nyuma ya nyumba. Hakutoka. Baba alikufa kwa nyundo, lakini mama na wadogo wawili walikufa miezi iliyofuata, kwa njaa, kwa sababu nyumbani hapakubaki hata bisibisi ya kufanyia kazi. Hilo ndilo Lambert alilolibeba moyoni: kwamba vyombo vikienda, watu wanafuata. Hakuna aliyeweza kumtoa kwenye fikra hiyo, si mke, si mchungaji.

Gaudence alimfunga Pandu mkono kwa kitenge, akampeleka kliniki, na njia nzima alimwomba radhi kwa niaba ya mtu ambaye hangeomba mwenyewe. Aliporudi alimwambia mumewe, "Unapenda mabati kuliko watu. Siku moja itakuonesha."

Pandu angeweza kuondoka. Hakuondoka, kwa sababu hakuwa na pa kwenda na kwa sababu, ukitoa spana, aliipenda kazi. Na Lambert alimhitaji, ingawa angekufa kabla ya kukiri. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Tundu la nozeli halioni tena, na Pandu aliweza kulizibua kwa unywele mmoja wa burashi huku anapiga soga. Mkono ulipopona Lambert akamfundisha upya, kwa sauti ya juu, kana kwamba Pandu ni kiziwi.

"Zima ni nzuri. Sema."

"Zima ni nzuri."

"Zima ni ya kubeba, ya kupelekea mwenyewe. Zima tunailinda. Na gesi?"

"Gesi tunafunga, Fundi."

"Voilà, ndivyo. Funga. Si zima, si nini. Funga."

Pandu aliyakariri maneno hayo kama alivyokariri sura chuoni. Baada ya wiki chache akawa anawaambia wateja wanaojua Kiswahili, "Jiko lako zima, mama, njoo ulibebe," kwa lafudhi ya Buyenzi iliyomchekesha hata Lambert. Kwenye simu na kaka yake Bakiri, aliyekuwa Durban, alijigamba kwamba sasa yeye ni Mrundi kamili, kilichobaki ni kunenepa. Na bega lake likiguswa na baridi, alilisugua, na Lambert akaangalia pembeni.

Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa nne kasoro robo asubuhi, Gogo Nkabinde aligonga mlango. Huyu ndiye mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na sita anayeishi ng'ambo ya ukuta, na jiko lake Lambert amelifufua mara nne. Walizungumza Kizulu, ambacho Lambert alikijua vizuri baada ya miaka mingi.

"Wale wanaofukuza wageni wanakusanyika saa nne pale bustanini," bibi alisema. "Mpwa wangu amenipigia. Safari hii hawaji kuimba. Chukua mkeo mwende kanisani mkae mpaka Jumatatu, mntanami, mwanangu. Nakuomba."

"Na vipuri, Gogo?"

"Vipuri!" Bibi akapiga kiganja ukutani. "Nakwambia habari za kichwa chako, unaniuliza vipuri?"

Lambert akamwomba chumba chake cha kufulia. Angepitisha mikebe yote juu ya ukuta, angeifungia humo, ndipo aende. Bibi akakubali, akaondoka anasonya. Gaudence alikuwa ameshafunga kanga kiunoni na begi liko mkononi.

"Tunaenda sasa hivi," alisema.

"Mikebe kwanza."

"Lambert."

"Nimesema mikebe kwanza!" Mkono wake ukapanda. Gaudence hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Nipige," alisema. "Nipige, halafu beba mikebe yako peke yako."

Mkono ulishuka kwenye mlango badala ya uso wa mwanamke, ubao ukapasuka, vidole vikachubuka, damu ikatoka. Gaudence alitoka bila kugeuka. Pandu, aliyekuwa kwenye kona akijaribu kijiti kipya kwenye jiko ambalo lingechukuliwa siku hiyo, aliona yote. Jiko lilikuwa linawaka vizuri, vigae vyote vitatu vyekundu. Ubavuni lilikuwa na chaki yake: ZIMA.

"Fundi, na sie twende?" aliuliza. "Hivi vitu vitapatikana tena."

"Havipatikani. Weye unajua havipatikani. Beba."

Pandu akabeba. Walianza na mikebe mizito. Lambert alikaa upande wa bibi juu ya ngazi, Pandu anampa kutoka chini, na kwa vile bega lake halikunyooka sawasawa, kila mkebe aliuinua kwa mkono wa kulia. Kumi. Kumi na tano. Kisha wakaanza kusikia wimbo ukipanda barabara, sauti nyingi, na ndani yake neno moja linarudiwa: abahambe, waondoke, abahambe.

Walianzia spaza, duka dogo la Mhabeshi kwenye kona. Lambert, akiwa juu ya ngazi, aliona vyuma vya dirisha vikivutwa kwa kamba ya gari mpaka ukuta ukatoka navyo. Aliona unga ukimwagwa barabarani na watu wakiukanyaga huku wakikimbia na sukari. Kisha wakahamia kwa Gaston, fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu mpole asiyejua hata kutukana. Walimtoa kwa kola ya shati. Alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni, na mmoja akaishika ncha zote mbili akaivuta mpaka Gaston akapiga magoti. Cherehani ilitupwa kutoka barazani ikamwangukia mguuni. Lambert aliusikia mguu ukivunjika. Watu walishangilia, wengine wakapiga picha kwa simu, na mwanamke mmoja mwenye koti jekundu akamtemea mate kisha akamwinamia akamwambia neno sikioni.

"Pandu! Haraka!"

"Bado kumi na mbili, Fundi!"

"Haraka!"

Jiwe la kwanza liliingia kupitia dirisha la mbele la gereji. La pili likafuata, na la tatu, kisha lango la mbao likaanza kupigwa mateke. Pandu alikuwa anakwenda na kurudi mbio, jasho linamtoka katika baridi ile, mikebe miwili miwili, na kila akifika ukutani alitabasamu kidogo, maskini, kama mtu anayeshinda mchezo. Tisa. Saba. Nne.

Mtu mmoja mwenye fimbo ya gofu alipanda ukuta kwa upande wa barabara, akatembea juu yake mpaka kwa Lambert, akamchapa nayo kichwani. Damu ilimjaa Lambert jicho la kushoto. Akamkamata mtu yule mguu, akamvuta, wakaanguka wote wawili kwenye ua wa bibi, na Lambert akawa wa kwanza kuinuka. Mkononi alikuwa na mkebe uliojaa nozeli za shaba, mzito kama tofali. Alimpiga nao mdomoni. Alimpiga tena, na tena, mpaka bati likabonyea na meno ya mtu yakachanganyika na nozeli kwenye saruji. Na nitasema ukweli: Lambert alijisikia vizuri. Miaka thelathini alikuwa amengoja kutoka ndani ya lile pipa, na kwa dakika ile moja alikuwa ametoka.

Gogo Nkabinde ndiye aliyemshika shati. "Utamuua! Acha! Angalia kule!"

Lambert akapanda ngazi. Kupitia dirisha la ubavu aliiona gereji yote. Tofali lilikuwa limeingia na kulipiga jiko kwa nyuma, mpira wa gesi umechomoka nusu, na ulimi wa moto wa buluu unalamba mgongo wa jiko, karibu kabisa na mtungi. Pandu alikuwa amefika mlango wa nyuma. Mlango uko wazi, ukuta uko hatua tano mbele yake, mkebe wa mwisho uko kwapani. Moto ulikuwa nyuma yake na hakuuona.

Akili ya Lambert ilikwenda kwenye karakana. Rafu, majiko kumi na moja ya wateja, benchi, paa. Funga gesi, karakana inapona. Na kwa sababu alitaka mara hii aeleweke haraka, bila makosa, aliliacha neno lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza toka wajuane alimsemesha Mpemba kwa Kiswahili cha kwao.

"Pandu! Lile jiko! Zima! Zima!"

Pandu akageuka. Hakuwa tena yule Pandu wa Aprili. Alikuwa amefundishwa, na amefundishwa kwa mfupa. Jiko zima ni la kubeba. Zima tunailinda. Aliona chaki ubavuni, aliona moto unaanza kulichukua jiko la mteja, akafanya kile alichoamini bwana wake anamtaka afanye. Aliuweka mkebe chini, polepole, usimwagike. Akaliendea jiko, akalikumbatia kwa mkono wake mzima na ule mbovu, akalivuta kuelekea mlangoni.

"Funga!" Lambert alipiga kelele. "Pandu, funga!" Lakini lango la mbele lilikuwa limeanguka wakati huo huo, na kelele za watu zilimeza kila kitu. Gurudumu likanasa kwenye ufa wa saruji. Jiko likainama. Mpira ukachomoka wote.

Mlio haukuwa mkubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ulikuwa kama mtu anayepuliza pumzi ndefu, kisha dirisha zima likatoka, na mabati ya paa yakanyanyuka yakarudi. Waliokuwa wameingia kwa mbele walikimbia huku nywele zinawaka, wakiwakanyaga waliokuwa nyuma yao, na barabara ikawa tupu haraka kuliko ninavyoandika hapa. Lambert aliruka ukuta. Alimtoa Pandu kwa kumvuta miguu, maana kwingine kote hapakushikika, na ngozi ya kifundo kimoja ikambandukia mkononi.

Kwenye machela, kabla hawajamwingiza kwenye gari la wagonjwa, Pandu alifumbua jicho moja.

"Nimeshindwa kulitoa, Fundi," alisema. "Zito."

Alikufa Jumatatu mchana.

Bakiri alifika Jumanne kwa basi kutoka Durban. Alikuwa mfupi kuliko mdogo wake, mwenye ndevu zilizoanza mvi, na alikwenda hospitali kwanza akamaliza yaliyopasa kumalizwa kwa ajili ya maziko. Kisha akaomba aoneshwe mtu ambaye ndugu yake alifanya kazi kwake. Walimpeleka ua wa Gogo Nkabinde. Lambert alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha kufulia, kichwa kimefungwa bendeji. Nyuma yake mikebe ilikuwa imepangwa ukutani. Mmoja ulikuwa umebonyea na mmoja umeungua rangi, ule ambao Pandu aliuweka chini polepole. Hakuna hata kipuri kimoja kilichopotea.

Lambert akasimama. Alikuwa amejitayarisha kupigwa. Ukweli ni kwamba alikuwa akiomba kwa siri apigwe, akijua kwamba safari hii mikono yake ingebaki chini. Gaudence alikuwa amerudi, amesimama kando na birika mkononi.

"Pole, ndugu yangu," Lambert alisema. "Nataka nikueleze ilivyokuwa. Nataka usikie kwangu."

Akaeleza. Alieleza kwa urefu, bila kujificha. Alieleza chaki na majiko matatu ya Aprili, akaeleza spana, akataja mpaka upande wa bega. Alieleza neno linavyosemwa Buyenzi na linavyosemwa Pemba, na jinsi alivyomfundisha Pandu, na jinsi siku ile, kwa nia njema kabisa, yeye alikwenda kwenye neno la Pandu wakati Pandu ameshahamia kwenye neno lake. Alisema ni lugha. Alisema laiti angesema funga. Alilia alipokuwa anasema, na machozi yalikuwa ya kweli.

Bakiri alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Alipoona mwenzake amemaliza, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Nimekufahamu," alisema. "Neno lina maana mbili. Aliniambia kwenye simu, akicheka. Lakini wasema alikuwa mlangoni. Mlango uko wazi, na moto uko nyuma yake, na wewe wauona."

"Ndiyo."

"Mbona hukumwambia atoke?"

Lambert akafungua mdomo. Gaudence akaiweka birika chini, akamgeukia mumewe, naye akangoja jibu.